Makubadhi ya Zimwi

Anayesinzia asogee motoni, maana ngano hii siirudii.

Alikuwako askari wa mfalme, jina lake Ngwali. Siku ya kwanza ya kwenda vitani alikutana na zimwi, likampa makubadhi ya ngozi.

"Ukiyavaa, mshale hautakupata. Lakini hayavuliki mpaka upigane vita vitatu."

"Lete!" akasema Ngwali, hata hakuuliza la pili.

Akaenda vita vya kwanza, mishale ikampita huku na huku, mfalme akamtunza ng'ombe. Aliporudi kwao, mama yake akamtandikia mkeka.

"Vua viatu, mwanangu, uketi ule."

Akayavuta makubadhi, wapi! Na mkeka wa mama haukanyagwi na viatu. Akala wima mlangoni, akaondoka.

Akaenda vita vya pili, akatunzwa nyumba ya mawe. Mama akatandika mkeka.

"Vua viatu, mwanangu, uketi ule."

Wapi! Akala wima, akaondoka.

Vita vya tatu akarudi jemadari, ngoma mbele, watu nyuma. Mama, mvi kichwa kizima, akatandika mkeka. Hajasema neno, makubadhi yakadondoka yenyewe. Ngwali akacheka, akaingia, akaketi, akakunja miguu.

Miguu ikakunjuka. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, ikapiga mwendo pale pale mkekani hata wali ukamwagika.

"Itulize, mwanangu."

"Siiwezi, mama."

Mama akaipakata miguu ile kama mtoto mchanga, akaanza kuiimbia.

Mimi ngano yangu imekwisha. Yeye bado anabembeleza.