Gari Lililogoma Mteremkoni

"Usisukume usichokisikiliza." Mmeusikia msemo huu leo kwenye mkutano wa maji, mwenyekiti alipowanyamazisha waliokuwa wakigombana, na sasa mnataka kujua umetoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu. Haukutoka kwa watu wa kale. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kijijini, kwenye mteremko wa kanisa, na aliyekuwa ameshika usukani siku hiyo ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, msimu wa kuvuna maharage. Binti yangu Nakunda, wakati huo ana miaka tisa, aliumwa na nyoka, kifutu, shambani. Nilichana kanga ya mama yake, nikamfunga mguu juu ya kifundo, nikambeba mbio mpaka kwenye pikapu yangu. Kijiji kizima hakikuwa na gari jingine, na hospitali iko huko chini bondeni, mwendo wa saa mbili. Mama yake akaketi mbele, akampakata.

Nikapiga stata. Injini ikazunguka, haikuwaka. Nikapiga tena. Ikazunguka, haikuwaka.

Wanaume waliokuwa karibu wakaja, saba au wanane, Kiangi mwenye bucha akiwa mbele yao. "Tusukume!" akasema, nami nikaona ni neno la maana. Mteremko wa kanisa mnaujua: unashuka, unapumzika kidogo penye tambarare ya mashine ya kusaga, kisha unashuka tena mpaka mtoni. Siku hizo mto haukuwa na daraja; gari la kwenda hospitali lilivuka majini kwa nguvu ya injini. Gari likifika kule chini bila kuwaka, hakuna wa kulipandisha.

Wakasukuma. Nikaachia klachi, gari likatikisika, likanyamaza. Tukasimama penye tambarare. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha mteremko.

"Tena!" Kiangi akapiga kelele. "Safari hii kwa nguvu zote!"

Hapo ndipo Navoneiwa alipotoka kwenye mashine yake. Sote tulimwita Mama Mbazi. Mumewe alipofariki alimwachia ile mashine ya dizeli, naye akaiendesha mwenyewe, akaitengeneza mwenyewe. Alikuja na unga mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya gari.

"Mama Mbazi, tupishe!" nikamwambia. "Mtoto ananifia!"

"Namwona. Piga stata."

"Nimepiga mpaka nimechoka!"

"Piga mara moja, nisikie mimi. Na ninyi nyamazeni."

Nikapiga. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa.

"Inazunguka kwa nguvu," akasema. "Betri yako ni nzima. Kusukuma ni dawa ya betri iliyokufa, baba. Hili gari lako, dizeli haifiki kwenye injini."

"Nilijaza tangi jana!"

"Basi mpira wa dizeli umevuta hewa. Hata mashine yangu hufanya hivyo."

Kiangi akacheka kwa hasira. "Mtu wa unga atufundishe gari? Tunapoteza muda! Kimebaki kipande kimoja tu."

"Kimebaki kimoja, ndiyo maana nimesimama hapa," Mama Mbazi akamjibu. Hakupaza sauti. "Usisukume usichokisikiliza."

Nikautazama mto. Nikamtazama mwanangu, midomo imemkauka, macho yanafumba na kufumbua. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki. Ningeweza kuuondoa tu, na wale wanaume wangesukuma. Nikavuta hendibreki, nikashuka, nikafungua boneti.

Mama Mbazi alipapasa mpira wa dizeli kwa vidole mpaka karibu na chujio. "Huu hapa. Umepasuka mdomoni." Akakata ile ncha iliyopasuka kwa kisu, akaurudisha, akakaza kishikizo chake. Kisha akalegeza skrubu juu ya chujio kwa spana na kuanza kusukuma pampu ya mkono. Lilitoka povu tupu.

"Niwashe?"

"Bado."

Povu likaendelea kutoka, likichemka kama maziwa. Ndani ya gari nilimsikia mke wangu akiomba.

"Sasa niwashe, Mama Mbazi!"

"Bado, Eliamani. Ukiwasha sasa, tunaanza upya."

Mwishowe dizeli ikatoka safi, haina hata kipovu. Akakaza skrubu. "Haya."

Injini ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Hakuna aliyeshangilia. Nilikuwa nimeshaondoka.

Hospitali walimpokea haraka wakamchoma sindano. Daktari akaikata ile kanga mguuni, akavibonyeza vidole vya mguu kimoja kimoja.

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi."

"Umezuia damu kabisa. Mtoto hakulalamika?"

Mama yake ndiye aliyejibu. "Alilalamika. Alisema, 'Baba, kinabana,' tangu gari linasukumwa. Baba yake akamwambia avumilie. Na mimi nikanyamaza."

Mtoto alipona. Lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa. Ndiyo, ni huyu huyu shangazi yenu Nakunda, na ndiyo sababu mnamwona anachechemea.

Msemo aliueneza Kiangi mwenyewe. Kila mteja aliyefika buchani alisimuliwa, Kiangi akijicheka jinsi alivyotaka kulisukumia mtoni gari lenye betri nzima. Ukatoka buchani ukaingia kwenye vikao, ukawa methali. Watu wanapoutaja, wanakumbuka injini na mpira wa dizeli, nao hawakosei.

Lakini mimi huwa sikumbuki injini. Namkumbuka mtoto wa miaka tisa, ameketi hatua moja kutoka kwangu, ananieleza mahali panapomuuma, na mimi namwambia avumilie kwa sababu nina haraka ya kumwokoa.

Usisukume usichokisikiliza.