Chumba cha Mbele cha Bi Chausiku

Haya, sogeeni. Mwenye mtoto amnyamazishe, mwenye chai ainywe, maana mimi nikianza sisimami. Nina kesi hapa imenishinda. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeipeleka mpaka msibani kwa watu, wafiwa wakabishana wakasahau kulia. Sasa nawaletea nyie.

Pale Korogwe, kwenye njia ya kwenda mashamba ya mkonge, anakaa wifi yangu Bi Chausiku, mjane wa marehemu kaka yangu. Ana watoto watatu wa kiume, wote wameoa na wote wamerundikana kwake, maana vijana wa siku hizi wanaoa kwanza, nyumba wanaifikiria baadaye. Basi ana wakamwana watatu, na kila mmoja Mungu kampa lake.

Mwantumu, mke wa mkubwa, kapewa mdomo wa sokoni. Akisimama mbele ya fungu la nyanya, muuzaji anaanza kujitetea kabla hajaulizwa bei.

Sikudhani, mke wa katikati, kapewa moto. Mpe makaa matatu, atakupikia wali na mchuzi, na yatabaki ya kupigia pasi.

Hidaya, mke wa mdogo, kapewa mkono wa birika. Pesa ikiingia kwake, agana nayo. Si mtu mbaya, anacheka vizuri, anakukaribisha vizuri, ila hatoi.

Sasa nyumba yenyewe ilikuwa inavuja. Inavuja huku juu kwenye bati, na inavuja huku chini kwenye matumizi. Wanawake watatu, majiko matatu ya mkaa, yote yanawaka kwa wakati mmoja, kila mmoja anachemsha kisufuria chake kama wapangaji wasiojuana. Asubuhi mafuta ya kupima, mchana mafuta ya kupima, jioni tena mafuta ya kupima. Mwenye duka pale jirani alimaliza kujenga nyumba kwa mafuta ya wale wanawake, nawaambieni. Na bati la chumba cha wifi yangu limetoboka, mvua ikinyesha anahamisha kitanda kona hii, anahamisha kona ile, kama anacheza bao.

Ijumaa moja akawaita wakamwana wake watatu, na mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kusalimia. Akawaambia habari ya bati kaisema kwa wanaume miaka miwili, sasa kachoka na wanaume. Akasema, "Mkibana matumizi ya nyumba hii mpaka tukaezeka kabla ya masika, basi mmoja wenu, yule atakayekuwa kafanya kubwa kuliko wenzake, nampa chumba cha mbele."

Weee, mlitakiwa muwaone nyuso zao. Maana chumba cha mbele si chumba, ni maisha. Kina mlango wa barabarani, na mbele yake wanapita wafanyakazi wa mkonge asubuhi na jioni, na njaa zao na mishahara yao. Mwantumu anakitaka afungue genge. Sikudhani anakitaka auze chapati na maharage. Hidaya anakitaka aweke cherehani. Halafu kina ukuta wa tofali. Vile vyumba vya ndani vimetengwa kwa mbao, ukipiga chafya huku, wa chumba cha pili anakwambia afya.

Wakaanza.

Mwantumu akachukua kununua. Akakataza mtu yeyote kwenda dukani na kikombe. Akawatafuta majirani wawili, wakachanga, wakanunua dumu zima la mafuta wakagawana. Sabuni akanunua mche mzima, akaukata kwa uzi, akavipanga vipande juu ya kabati vikauke, maana sabuni mbichi inayeyuka mikononi kama barafu, kavu inakaa. Siku ya gulio haendi asubuhi na wenye haraka. Anakwenda jua linapopinda, wale mama wa milimani wanafunga mizigo na hakuna anayetaka kurudi na kabichi kichwani kupanda Usambara. Anasimama, anawapa pole kwanza, anauliza watoto, anasikitika nao juu ya njia ndefu. Anaondoka na kabichi kumi kwa bei ya nne, na wao wanamshukuru. Siku moja akarudi na gunia zima la maharage kwa nusu bei. Maharage ya misimu miwili iliyopita, magumu kama kokoto. Muuzaji mwenyewe alikuwa anayaonea haya.

Sikudhani akachukua kupika. Akayatazama yale maharage. Akazima majiko mawili, likabaki moja. Usiku akayaloweka, asubuhi akamwaga maji yale, akayachemsha kwa nguvu muda mfupi tu, halafu akaipua sufuria likiwa linatokota. Akalitumbukiza kwenye tenga kubwa alilolitandika majani makavu ya mgomba, blanketi kuukuu, na koti la baridi la marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu, koti lile lilimpasha joto yeye miaka ishirini, sasa linapasha maharage. Juu akagandamiza mto. Makaa akayafukia majivu ayatumie jioni. Saa sita anafungua, maharage yameiva yenyewe, laini, hakuna aliyepuliza moto. Gunia la mkaa lililokuwa haliwafikishi wiki mbili likawa linapita mwezi.

Hapa lazima niwape habari ya Mzee Semboja, hata mkikataa. Mzee Semboja ni mjomba wetu, mimi na marehemu, anakaa nyumba ya nne. Kazi yake kuangalia moshi. Akiona moshi wa Bi Chausiku umeanza kupungua anajua chakula kimeiva, anavaa kofia, anakuja, anasema alikuwa anapita tu. Na nyie mnajua kwetu mtu akikukuta humnyimi, anakaribishwa, ananawa. Anakula sahani moja, ya pili anasema ya kumpelekea paka. Basi tenga lilipoanza, moshi hakuna, mzee kachanganyikiwa. Siku moja akaamua kuja hivyo hivyo. Akakuta jiko limepoa, wanawake wamekaa wanachambua mchicha. Akauliza kulikoni, leo hapapikwi? Wakamwambia bado. Akasema atasubiri, akatafuta pa kukaa, akaona tenga lina mto juu. Akakaa.

Hakuna aliyemwambia kitu. Ungemwambiaje, babu umekalia mboga?

Baada ya muda akaanza kujigusa. Akajishika shingo, akajishika paji la uso. Akamwita Hidaya akamwambia kwa sauti ya chini, "Mkwe wangu, mimi naumwa. Homa imenianzia makalioni inapanda." Akainuka mbio kwenda zahanati. Wakampima malaria hana, wakampima tena hana. Mzee akasema basi ni kitu kikubwa, akajifungia kwake kupumzika siku tisa. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka, jirani akaja kuuliza kama nimefiwa. Na Sikudhani sahani zote za siku zile tisa kaziweka kwenye hesabu ya alichookoa.

Hidaya akachukua kutunza. Kila kilichobaki sokoni kwa Mwantumu, kila kilichobaki kwenye mkaa wa Sikudhani, kinapelekwa kwake. Alichongesha kibubu kwa fundi, mbao nzito, hakina mlango, kina tundu tu la kuingizia, akakipigilia misumari kwenye mguu wa kitanda. Akalala juu yake. Mnadhani hiyo ni kazi ndogo? Nyumba ile haijawahi kukosa pesa ya kuanza, imekosa pesa ya kubaki. Ikionekana tu, harusi inaibuka. Mumewe mwenyewe, Mbaraka, akaja na habari ya tairi la pikipiki. Akanyimwa. Akaja na kadi ya mchango wa harusi ya rafiki yake, akabembeleza usiku, akanuna asubuhi. Akaambiwa aende harusini akasaidie kubeba viti, nao ni mchango. Mashemeji wakaja, wakarudi.

Mwisho akaja wifi yangu mwenyewe. Kulikuwa na harusi ya binti wa shoga yake, sare imeshapangwa, kanga za rangi ya machungwa, na mtu asiye na sare siku hiyo anakaa nyuma karibu na masufuria. Wifi akasimama mlangoni kwa Hidaya akaomba pesa ya doti moja tu. Hidaya akapiga magoti akamshika miguu.

"Mama, nisamehe. Hapana."

"Hata mimi unaninyima?"

"Hasa wewe, mama. Kitanda kinachonyeshewa ni chako."

Wifi yangu hakusema naye siku tatu. Harusini akakaa nyuma, kanga ya kijani. Mie nilikuwa mbele na rangi yangu ya machungwa, nikampelekea biriani, hakunitazama.

Wiki moja kabla ya masika wakavunja kibubu. Ikatosha bati jipya, misumari, na fundi, akalipwa siku ile ile. Mvua ya kwanza ikapiga usiku kucha. Asubuhi wifi haamki, saa mbili haamki, wakaugonga mlango wee, wakajua ndiyo basi. Kumbe kalala. Mwanamke hajalala usingizi mzima miaka miwili.

Jumamosi akatuita sote barazani. Ufunguo wa chumba cha mbele umefungwa kwenye pindo la kanga. Akasema kila mtu aseme lake.

Mwantumu akasema pesa ile ilizaliwa sokoni, mdomoni mwake. Sikudhani akamwuliza yale maharage yake ya kokoto, bila tenga, yangekula magunia mangapi ya mkaa? Angeokoa shilingi akachoma mbili. Mwantumu akajibu tenga bila maharage ni tenga la nguo chafu. Hidaya akacheka, na hapo akawaunganisha wote wawili dhidi yake.

"Wewe nyamaza," Mwantumu akamwambia. "Kazi yako ilikuwa kukaa. Hata kabati linakaa."

"Sawa, dada," Hidaya akasema. "Hilo kabati lenu, kabla yangu, lilikaa na pesa lini?"

Mtu mmoja akapendekeza wagawane chumba, lakini mlango ni mmoja, cherehani na chapati vitakaaje, nguo za watu zinuke mafuta? Wapokezane kwa miezi? Mteja akija mwezi wa pili kufuata suruali yake atakuta nyanya. Wifi akanigeukia, akasema wewe ndiye mkubwa, amua. Na mimi mnavyonijua, mdomo huu haujawahi kukosa hukumu. Nikasema naomba maji.

Tukaachana, jibu likasubiri mpaka Ijumaa. Lakini jana nimepita pale, wanangu, wamenuniana, na mbaya zaidi kila mmoja kawasha jiko lake. Dukani nimemkuta mmoja na kikombe cha mafuta, simtaji. Wifi kaketi barazani anafungua pindo, anafunga pindo. Akimpa mmoja ufunguo, hao wawili wengine wameshasema hawatabana tena hata chumvi. Asipompa yeyote, kavunja ahadi kwa watatu.

Haya, wewe hapo unayecheka, na wewe unayekuna kichwa, Ijumaa narudi Korogwe na lazima niende na jibu. Aliyenunua, aliyepika, aliyetunza: ungekuwa wewe Bi Chausiku, ufunguo ungemtilia nani mkononi? Na ukishampa, hao wawili ungewatazama usoni ukawaambia nini?