Hodi kwenye Mbuyu

Hapo zamani za kale, wajukuu, mwaka wa arobaini na moja tangu wanyama waanze kuhesabu miaka, mwezi wa Novemba uliingia bila wingu hata moja. Jua lilichoma kutwa, na mabwawa yote yakakauka.

Bi Komba, mnyama mdogo kuliko paka, aliishi na mapacha wake katika tundu la mbuyu mkongwe. Ndovu sita, wakishikana mkonga kwa mkia, hawakuweza kuuzunguka. Ndani ya shina lake laini mbuyu ulihifadhi maji ya mvua zilizopita.

Alasiri moja, chwaaa! Mzee Ndovu alibandua gome kwa pembe, jamaa zake watano wakitazama.

"Taratibu, mzee wangu!" Bi Komba alitokeza kichwa. Mapacha hawakujua kuruka bado. "Maji yapo chini ya mchanga, kule korongoni. Chimbeni."

"Tuchimbe?" Ndovu akacheka, hoo-hoo! "Mti huu tunauangusha leo, tuutafune. Hama, bibie."

"Haya. Lakini hodi umepiga?"

Ndovu akasita. Katika ukoo wake, kuingia nyumba ya mtu bila hodi ilikuwa aibu isiyofutika.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Akatega masikio.

"Mwenyeji amelala," alisema Bi Komba. "Jua likizama atafumbua macho. Msubiri."

"Mti una macho? We mama, jua limekuchoma utosi!"

"Basi kaa uone."

Ndovu akakaa. Jua lilipozama, matumba yaliyoning'inia yakatikisika. Pwa! Ua moja likafunguka, jeupe, pana kuliko kiganja cha nyani. Pwa! Pwa! Mara mti mzima ukajaa weupe, harufu nzito ikashuka, na popo wakaja kunywa.

Bi Komba alijua ni maua tu, yafungukayo jioni na kudondoka kesho yake. Hata hivyo pumzi ilimkatika, kama kila mwaka.

"Yananitazama yote!" Ndovu alinong'ona, akirudi kinyumenyume. "Mwenyeji, shikamoo! Niwie radhi kwa lile gome."

"Amekusikia, babu. Anasema: korongoni."

Ndovu wote sita wakaondoka kwa kunyata. Walichimba mpaka mchanga ukatoa maji, wakanywa wakashiba.

Wajukuu, mwenye nguvu za kuangusha kitu na akitazame kwanza.

Maji yale yaligharimu dhiraa tano za kuchimba na ncha ya pembe moja iliyovunjikia mchangani.