Mjohoro wa Mize

Mpo? Itikieni kama mpo, la sivyo nanyamaza!

Alikuwako Mize, mwanamke aliyekuwa akila huku mlango umefungwa, asije akapata mgeni. Siku moja zimwi likamtupia mbegu ya mjohoro.

“Panda. Nikirudi nisipokuta kivuli cha kukalia, nahamia ndani kwako.”

Mize akapanda. Akamwagilia maji ya kisima: kijiti. Akamwagilia maji ya mto: kijiti. Akamwagilia maji ya mvua: kijiti kile kile, hakina hata jani.

“Wewe mti, unataka kunywa nini?”

Mchana mmoja, wakati wa chakula, mpita njia akapiga hodi. Mize akajisahau, akaitikia, ikabidi amkaribishe. Akamnawisha mikono, maji akayamwaga pale kwenye kijiti. Jani likachomoza!

Kesho yake, kwa kutaka kujua tu, akamwita jirani akamnawisha: tawi. Akawaita wengine: kivuli. Mkeka ukahamia nje, wageni wakawa hawakatiki. Lakini ua hata moja halikutoka.

Zimwi likarudi, likakuta kivuli kimejaa watu.

“Nikae wapi?” likanguruma, na watu wote wakatimka.

Mize akalisogelea, birika mkononi. “Nawa kwanza, baba. Ugali unapoa.”

Zimwi likanyoosha makucha taratibu, kama mtoto. Tangu lizaliwe, hakuna aliyewahi kulinawisha. Maji yale yakafika mizizini, na mjohoro wote ukageuka njano kwa maua.

Nimemaliza. Haya, leteni maji tunawe.