Magoli ya Bi Chausiku

Hapo zamani, wala si zamani ile ya majitu na wafalme, ni zamani ya majuzi tu, umeme umeshafika na televisheni zimeshaingia majumbani, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Chamwale, na mji huo ulikuwa na timu ndogo ya mpira ikiitwa Nyuki. Ilikuwa ndogo kweli. Ilishinda mara moja moja, ikatoka sare mara moja moja, siku nyingine zote ikafungwa. Mashabiki walikuwa wamebaki arobaini na kitu, wote wakienea kwenye jukwaa moja la mbao nyuma ya goli la upande wa stesheni. Viongozi walishaanza kunong'ona kwamba msimu ukiisha timu ivunjwe, wachezaji wachukuliwe na mji wa pili.

Benchi la mbele walikaa watu wanne. Wa kwanza Bi Chausiku, muuza vitumbua, mwanamke wa miaka hamsini na nane mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Wa pili Kibwana, fundi cherehani, aliyepofuka miaka mitatu nyuma kwa presha ya macho. Cherehani alimwachia binti yake, mpira hakuuacha. Wa tatu Hiza, mpiga ngoma. Wa nne Mwalimu Ndunguru, mstaafu, katibu wa mashabiki, mtu wa maneno machache.

Sasa sikilizeni. Kibwana alipopofuka, Chausiku ndiye aliyemwambia, "Kaka Kibwana, njoo ukae na mimi. Nitakuonesha mpira kwa mdomo."

Na akamwonesha. Wiki ya kwanza alisema kweli tupu. Wiki ya pili alisema kweli tupu. Wiki ya tatu Nyuki wakapigwa manne, Chausiku akautazama uso wa Kibwana ulivyonywea, na kabla hajajua anasema nini akajikuta amesimama anaruka.

"Goli! Goli, Kaka Kibwana! Tumerudisha moja!"

Kibwana akarusha mikono juu. Hiza akamtazama Chausiku, Chausiku akamtazama Hiza, Hiza akaipiga ngoma. Mwalimu Ndunguru akainama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tangu siku hiyo Nyuki wakawa timu mbili. Moja ilicheza uwanjani ikafungwa. Nyingine ilicheza sikioni mwa Kibwana, ikasawazisha dakika za mwisho, ikapata penalti za haki, ikashinda ugenini. Mashabiki wa nyuma walidhani ni kelele zake za kawaida tu. Siri hiyo ilikuwa ya watu watatu, na Chausiku aliamini itakufa na watu watatu.

Basi msimu wa tatu ukaanza mchezo mpya kwenye televisheni, kila Jumapili saa kumi na mbili jioni. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, wa upole, hauna matusi, watoto na wazee wanautazama pamoja. Uliitwa *Benchi la Mbele*, na ulihusu mashabiki wa timu ndogo isiyoshinda. Chausiku na wenzake wakakusanyika kwa Kibwana kuutazama. Wakacheka mpiga ngoma alipoanguka na ngoma yake. Wakacheka mzee msomi alipomsahihisha refa lugha. Kisha akatokea mama mnene muuza ndizi, ameketi na babu kipofu. Timu ikafungwa. Mama akasimama akaruka, "Goli! Tumerudisha!" Watu kwenye televisheni wakaangua kicheko.

Chausiku akakirudisha kitumbua sahanini.

"Wanacheka nini?" akauliza Kibwana, asiyeona picha.

"Refa kateleza," akasema Chausiku upesi. "Kaangukia matope."

"Ahaa," akasema Kibwana, akatabasamu.

Chausiku alirudi nyumbani akihesabu kwa vidole. Siri ya watu watatu. Akijitoa yeye, wamebaki wawili. Hiza au Mwalimu. Kila alipomwona Hiza akicheka na mtu, alisema moyoni: ni huyu. Kila alipomwona Mwalimu ameshika kalamu, alisema moyoni: hapana, ni yule. Hiza akimsalimu kwa furaha, alijiuliza furaha hiyo ya nini. Mwalimu akimsalimu kwa kifupi, alijiuliza anaficha nini. Vitumbua vikaanza kuungua chini.

Jumapili ya pili mama mnene akatangaza penalti ambayo haipo. Jumapili ya tatu akatangaza ushindi wa ugenini. Yote yalikuwa ya kwake, neno kwa neno. Na jukwaa likaanza kujaa. Watu walikuja kutoka miji ya jirani, kisha kutoka miji ya mbali, maana minong'ono ilishaenea kwamba benchi lenyewe liko Chamwale. Viongozi waliokuwa wakizungumzia kuvunja timu sasa walizungumzia kuongeza vyoo. Wengine wote walifurahi. Chausiku aliwaona wageni wale akasema: wamekuja kunicheka. Na siku moja mmoja wao atamcheka Kibwana usoni.

Ndipo akatega mtego.

Akamwendea Mwalimu Ndunguru akamwambia, "Mwalimu, hili ni letu sisi wawili. Jogoo wangu nimempa jina la kepteni wetu, na timu ikifungwa simpi chakula."

Akamwendea Hiza akamwambia, "Hiza, mdogo wangu, hili usimwambie mtu. Wakipiga penalti huwa natafuna kitunguu kibichi, vinginevyo tunakosa."

Kibwana hakumwambia kitu. Kwa nini amtege Kibwana? Haya yote aliyafanya kumlinda Kibwana.

Jumapili mbili zikapita kimya. Jumapili iliyofuata mama mnene akafungua mkoba, akatoa kitunguu, akakitafuna machozi yakimtoka, na nchi nzima ikacheka. Jogoo hakuonekana.

Jumamosi Chausiku aliwahi uwanjani. Kibwana alikuwa hajaletwa, binti yake humleta mpira unapokaribia kuanza. Jukwaa limejaa, wenyeji na wageni. Chausiku akasimama mbele ya Hiza.

"Hiza, cha kitunguu nilimwambia nani?"

Hiza akaiweka ngoma chini.

"Nilikwambia wewe peke yako. Nilikudanganya ili nikukamate, na nimekukamata. Wewe ulimwambia nani?"

Hiza akatazama pale benchini, mahali pa Kibwana palipokuwa wazi. Akatazama muda mrefu. Chausiku aliyaona macho yale yanavyokwepa, akasema moyoni: macho ya mwizi.

"Sikumwambia mtu, dada."

"Basi televisheni imekusikia ukiota?"

Watu wakacheka.

"Umeuza siri ya kipofu," akasema Chausiku, na sauti yake ilifika hadi goli la pili. "Umemfanya Kaka Kibwana kichekesho cha nchi. Beba ngoma yako utoke hapa!"

Hiza akabeba ngoma yake, akatoka. Wageni wakampisha kama mtu mwenye ugonjwa.

Kibwana alipofika akatega sikio. "Mbona sisikii ngoma?"

"Ngozi imepasuka," akasema Chausiku. "Inashonwa."

Wiki ya pili Kibwana akauliza tena. "Ngozi bado haijakauka," akasema Chausiku. Wiki ya tatu akauliza tena, na Chausiku akafungua kinywa aseme fundi anaumwa, lakini Kibwana akamshika mkono.

"Chausiku, ngozi ya ng'ombe haishonwi wiki tatu. Hiza yuko wapi?"

Alipokawia kujibu, Kibwana akasimama katikati ya mpira, akamwita binti yake, akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kuondoka kabla ya kipenga. Chausiku akabaki peke yake benchini na Mwalimu. Nyuki wakafunga goli, goli la kweli, la kichwa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mpira ulipokwisha, watu wametawanyika, Kibwana akarudi. Mkono mmoja ulimshika binti yake, mkono wa pili ulimshika Hiza.

"Kaa, Chausiku," akasema Kibwana. "Aliyesema kwenye televisheni ni mimi."

Chausiku akacheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Binti mmoja mwandishi wa michezo ya kuchekesha ya televisheni alipita dukani kwetu kupunguziwa gauni. Tukazungumza. Nikamwambia nina rafiki ananifungia magoli. Akaniomba namba, akawa ananipigia kila wiki. Cha kitunguu nilikisikia kwa Hiza, nikakicheka, nikampa na hicho."

"Kwa hiyo ulijua?" akauliza Chausiku, na sauti ile kubwa ikawa ndogo. "Tangu lini?"

"Tangu goli la kwanza. Tukifunga, mbao hizi zinatikisika, watu wote wanaruka. Siku ile nilisikia unaruka wewe peke yako."

"Miaka mitatu unarusha mikono juu na unajua!"

"Ningesema, ungeacha. Nami sikutaka uache."

Chausiku akamgeukia Hiza. "Na wewe ulijua ni yeye?"

"Kitunguu niliambiwa na wewe, nikamwambia yeye tu. Nilijua palepale."

"Ukakubali nikufukuze mbele ya watu?"

"Ningemtaja, ungejua kwamba anajua. Nilidhani utavunjika."

Chausiku akataka kulia, na akataka kukasirika, na hakujua kipi kianze. Alimtazama Kibwana na kujiuliza ni mara ngapi huyo alimtabasamia huku akimcheka moyoni. Alimtazama Hiza na kujiuliza kama kunyamaza kwake ni wema au ni kutaka kumwona akijiaibisha. Hata Mwalimu Ndunguru, aliyeketi kimya miaka yote, Chausiku alimtazama kwa jicho la pembeni. Akasema, "Nisameheni." Kibwana akasema, "Nisameheni." Hiza akasema, "Yameisha." Lakini walikaa mbalimbali kidogo kuliko zamani.

Wangeachana hivyohivyo, kama barua isingekuja. Watu wa televisheni waliandika: tumesikia benchi letu lilitoka kwenu. Tutaliezeka jukwaa lenu mabati mapya, nalo litaitwa kwa jina la shabiki mmoja, na jina hilo litaoneshwa siku ya mwisho ya mchezo. Shabiki mmoja tu. Mchagueni wenyewe.

Mashabiki wakamwachia Mwalimu Ndunguru aamue, kwa kuwa hakuwa upande wa mtu na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mwalimu akaleta ubao, akaleta rangi nyeusi, akasema, "Kila mtu aseme lake mara moja."

Chausiku akasema, "Magoli yale niliyatunga mimi. Miaka mitatu sikukosa Jumamosi hata moja, na homa nilikuja nayo. Bila magoli yangu pasingekuwa na mchezo, wala wageni, wala mabati. Kweli, nilidanganya, na nikamfukuza asiye na kosa. Lakini nilidanganya kwa ajili ya nani, na nilimfukuza kwa ajili ya nani?"

Kibwana akasema, "Magoli yake yangebaki sikioni mwangu, na timu ingekuwa imevunjwa. Mdomo wangu ndio uliojaza jukwaa hili. Kweli, nilitoa siri ya rafiki bila kumwomba, nikamwacha adhani ananidanganya. Lakini siri yenyewe ilikuwa yangu pia. Kipofu ni mimi."

Hiza akasema, "Ninyi wawili mlicheza, na aliyeumia ni mimi. Wiki tatu nimeitwa mdaku sokoni, mke wangu akasemwa kisimani. Neno moja lingeniweka huru, nikalimeza kwa ajili yenu wote wawili. Kweli, nilitoa cha kitunguu nilichoambiwa nisitoe. Lakini nani kati yenu aliyewahi kulipia urafiki huu isipokuwa mimi?"

Kibwana akageuza uso alikosikia sauti ya Hiza, akauliza, "Ulinyamaza kwa ajili yangu, au ulisubiri siku kama hii?"

Chausiku naye alikuwa ameuliza hivyohivyo moyoni, akaona haya.

Mwalimu Ndunguru akachovya brashi kwenye rangi. Ubao ulikuwa mweupe, nafasi ya jina moja. Akainua mkono, akaushusha, akawageukia watu.

Nami nawageukia ninyi mlionisikiliza. Mwenye uongo wake wa huruma, mwenye siri yake iliyookoa timu, na mwenye kimya chake kilichobeba aibu ya wenzake: semeni, Mwalimu aandike la nani? Je, nani alistahili?