Suruali ya Bwana Inchi

Duka lenyewe halikuwa kubwa. Liliweza kumeza meza moja ya kukatia, benchi la wateja na vyerehani viwili, kimoja cha mume na kimoja cha mke, vilivyotazamana kama watu wanaokula sahani moja. Ukutani kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, na chini yake daftari la jalada gumu lililoning'inia kwa kipande cha upindo. Humo ndimo vilimoandikwa viuno, mabega na mapaja ya nusu ya mtaa.

Mwenye duka aliitwa Bwana Inchi, na jina hilo hakupewa bure. Mteja angali anavuka barabara, yeye alikwisha kumtupia jicho na kukitaja kiuno chake. Utepe ukija kupita, ulikuja kuthibitisha tu. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mshono wake ulinyooka kama mstari wa rula. Kasoro yake ilikuwa ulimi. Vipimo vya watu hakuviandika kimya kimya, alivitangaza kama dalali mnadani.

Siku moja aliingia mwalimu wa shule ya jirani, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyetaka suruali ya mazoezi. Bwana Inchi alimzungushia utepe, akausoma, kisha akapaza sauti ili benchi zima lisikie.

"Kiuno, hamsini na mbili. Mwalimu, hiki ni kiuno au ni uzio wa shule?"

Benchi likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni, hakikufika machoni.

"Shona tu, fundi," alisema. "Uzio ukiwa mkubwa, ujue ndani kuna wanafunzi wengi."

Alipoondoka, mke wa Bwana Inchi aliinua uso kutoka kwenye vifungo alivyokuwa akivishona. "Mwenzio amekuletea aibu yake mkononi," alisema, "wewe umeitundika dirishani."

"Mama Watoto, huo ni utani wa biashara."

"Biashara gani hiyo inayouza watu?"

 Bwana Inchi alikanyaga cherehani chake kwa nguvu, kikanguruma hadi maneno ya mkewe yakazama.

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amenenepa. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele, kifua kimelegea kama mfuko usio na kitu, na jioni miguu ilimvimba mpaka soksi zikamwachia mistari. Hayo yote aliyafunika kwa koti refu la kazi alilolivaa kiangazi na masika. Alioga mlango umefungwa kwa komeo, akabadili nguo taa imezimwa. Kwa miaka sita hakuna utepe uliomgusa. Hakuna anayejua yanayosemwa nyuma ya mgongo wa mteja kuliko yule anayeyasema, na Bwana Inchi aliyajua yote, maana aliyatunga mwenyewe.

Kiu isiyokatika ndiyo iliyompeleka zahanati. Daktari alimpima damu, akamchoma nyayo kwa kijiti chenye ncha, akamuuliza kama anasikia. Mahali pengine alisikia, pengine hakusikia.

"Una sukari," daktari alisema, "na miguu imeanza kufa ganzi. Dawa nitakupa, ila dawa peke yake haitatosha. Kila jioni kuna kikundi cha mazoezi kwenye uwanja wa nyuma. Jiunge nao. Na uvae nguo pana, isiyobana popote, hasa miguuni. Kwako wewe kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele kinaweza kuondoka na mguu mzima. Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Cha umeme au cha kukanyaga?"

"Cha kukanyaga."

"Basi umenielewa," daktari alisema.

Alikuwa amemwelewa sana. Jioni hiyo alimsimulia mkewe yote bila kuficha neno. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akauchukua utepe.

"Baba Watoto, simama nikupime."

"Unipime mimi? Tangu lini?"

"Tangu daktari aseme. Nitakushonea bwanga la pamba, lenye kamba kiunoni. Na shati la mikono mifupi, liwe la rangi iliyokolea, lipite kiunoni. Utakuwa huru na hakuna atakayekuangalia mara mbili."

"Bwanga? Nizunguke uwanjani kama turubai lililokosa nguzo?"

"Neno turubai umelitoa wewe. Mimi nimesema suruali."

"Mimi ni fundi, mama. Watu wakimwona fundi amevaa gunia, nani tena ataniletea kitambaa?"

"Kikundi kizima umekishonea mabwanga na wanakusifu."

"Wao ni wateja," alisema Bwana Inchi. "Weka utepe chini. Hakuna mkono utakaonipima mimi katika nyumba hii."

Mkewe aliuweka utepe mezani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. 

Asubuhi yake Bwana Inchi alitangulia dukani, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo na utepe mkononi. Sasa tazama makosa ya bingwa. Kila anayejua kazi hii anajua kwamba anayejipima hana budi kuinama asome, na akiinama kipimo kimekwisha kuharibika. Yeye aliinama. Kila fundi humwambia mteja, "Pumua, usijibane." Yeye alivuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka, akauvuta utepe kama anayefunga mzigo. Mteja mwenye miguu ya kuvimba hakuwahi hata siku moja kumpima mguu asubuhi, kwa kuwa asubuhi mguu umelala na jioni umeamka. Wake aliupima asubuhi hiyo hiyo. Kisha akaandika kiuno arobaini na moja, akakitazama, akakiamini.

Hakuishia hapo. Alikata suruali ya kisasa, nyembamba kuanzia gotini, akaikaza kifundoni kwa mpira mgumu ili miguu ionekane ya kijana. Kiunoni, kwa ndani, alishonea mkanda mpana wa mpira wa kulibana tumbo. Katika nguo za wateja alikuwa na desturi ya kuacha inchi nzima ya kitambaa ndani ya mshono, mtu akinenepa ifumuliwe. Katika yake aliikata yote.

"Mwili ndio utakaoifuata suruali," alijiambia.

Jioni alifika uwanjani akitembea kama askari wa gwaride, maana suruali haikumruhusu kutembea vinginevyo. Watu kama thelathini walikuwa wamejipanga, na mbele yao muuguzi mwenye kipenga. Mwalimu alikuwa mstari wa kwanza ndani ya bwanga lake, akiruka na kutua kwa raha, jasho likimtiririka, bila habari na dunia.

"Bwana Inchi, na wewe umekuja?" alimwita. "Suruali yako hii, wallahi, kama sijavaa kitu. Na hiyo yako mbona imekunyima ruhusa ya kupumua?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumkaribisha mgeni, wakaendelea kuruka. Hakuna aliyemwangalia tena. Lakini kicheko kile kilimwingia Bwana Inchi kama mwiba wa samaki kooni. Tangu jioni hiyo, kubadili suruali kukawa ni kukiri kosa. Angepungua aiweze, au angekufa nayo.

Hakukosa hata siku moja. Alikimbia, akachuchumaa, akanyoosha mikono. Aliacha sukari kwenye chai, akapunguza wali. Kila aliporudi nyumbani, mpira wa kifundo ulikuwa umemchimbia mfereji mguuni, na kwa ile ganzi hakuusikia. Wiki ya tatu mfereji wa mguu wa kulia ulitoa maji. Akaupaka poda ya mtoto, akafunga kitambaa safi, akavaa soksi juu yake. Angemwambia mkewe, mkewe angeuliza kilichomkata ni nini, na jibu lilikuwa suruali.

Wiki ya tano alirudi kwa daktari, akiwa na suruali yake hiyo hiyo kwa kuwa alipanga kupitiliza uwanjani. Daktari aliitazama karatasi ya majibu na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sukari imeshuka sana. Umefanya kazi ya kiume. Ningekuwa na wagonjwa kumi kama wewe, ningepumzika. Haya, pandisha suruali niitazame miguu."

Bwana Inchi aliinama akashika pindo. Mpira haukupanda. Alivuta tena, haukupanda.

"Basi ivue," daktari alisema. "Hapa tuko wawili tu."

Kuivua maana yake ni kuonyesha ule mkanda wa mpira, na lile tumbo lililokunjwa ndani yake kama godoro lililofungwa kamba. Bwana Inchi aliuangalia mlango. Nje wagonjwa walikuwa wakikohoa, wakisubiri zamu zao. Maisha yake yote alikuwa akiwavua watu kwa maneno, na sasa ameambiwa avue suruali moja mbele ya mtu mmoja aliyeapa kutunza siri.

"Miguu mizima, daktari," alisema. "Haina hata mchubuko."

"Una hakika?"

"Ningekudanganya ili nipate nini?"

Daktari aliitazama foleni mlangoni, akaandika, akamwacha aende.

Siku ya tisa baada ya hapo, mkewe alikuwa akifua. Soksi moja ilimjia mkononi ngumu kama ganda, na harufu yake haikuwa harufu ya jasho. Aliingia chumbani nayo, akamkuta mumewe ameketi kitandani, anatetemeka kwa homa, suruali ameshindwa kuivua.  Alichukua mkasi mkubwa wa dukani, akaipasua suruali toka pindo hadi gotini. Chini ya mpira nyama ilikuwa imegeuka nyeusi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mama Watoto, ni mchubuko tu."

"Nakuuliza tangu lini."

Hospitali kubwa waliwahi siku hiyo hiyo, lakini kuwahi kwao kulikuwa kwa watu waliokwisha kuchelewa. Uozo ulikuwa umefika kwenye mfupa. Madaktari watatu walisimama miguuni pa kitanda, wakasema kwa upole mambo yasiyo na upole, na kesho yake mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Ulikuwa mguu ule aliokanyagia cherehani.

Alirudi dukani baada ya miezi miwili, kwa magongo. Cherehani chake kilikuwa kimefunikwa shuka. Mkewe alikuwa akishona peke yake, akipima watu kwa sauti ya chini na kuandika vipimo bila kuvitangaza. Wateja walikuwa wameongezeka. Siku ya kwanza aliyoketi benchini alikuja mwalimu, amepungua, anataka bwanga lake lipunguzwe. Alimsalimu Bwana Inchi kwa heshima nyingi, akamuulizia hali, akamwombea nafuu. Hakumtania hata neno moja, na hilo ndilo lililomchoma, maana utani ni wa walio sawa.

Mwalimu alipotoka, mke wa Bwana Inchi alimtupia mumewe suruali mpya, bwanga la pamba, mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi uliopindwa vizuri. Aliivaa pale pale nyuma ya pazia. Ilimkaa kiunoni kama maji ndani ya mtungi.

"Umenipima lini?" aliuliza. "Nilipolala hospitalini?"

"Sijakupima." Mkewe alikuwa akitia uzi kwenye sindano na hakuinua macho. "Nguo zako anafua nani? Kiuno chako arobaini na saba. Nilikijua kilipokuwa arobaini, nikakijua kilipopanda, mwaka hadi mwaka. Ulikuwa unamficha nani?"

Bwana Inchi alichungulia toka nyuma ya pazia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, simama nikupime."

"Na hukuwahi kunicheka?"

Mkewe aliikata ncha ya uzi kwa meno. "Aliyekuwa akicheka miili ya watu humu ndani ni mmoja tu," alisema, akaanza kukanyaga.

Cherehani kilinguruma. Bwana Inchi alibaki nyuma ya pazia, fundi aliyeujua mwili wa kila mtu na kuukosea wake, kwa kuwa aliona haya kuuweka mikononi mwa mwingine hata kwa dakika moja. Waliosema hawakukosea: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.