Kwanza Nihamishe Miche

"Miaka sita nimechota maji ya nyumba hii, mama. Leo nimekuwa mwizi wa miche?"

Hivyo ndivyo Namsifu alivyomwambia mama mkwe wake, jembe likiwa bado mkononi. Na mama mkwe akajibu... Aa, ngojeni. Nimeanzia ugomvini, ndiyo tabia yangu. Itikieni kwanza.

Paukwa palipolimwa.
— Pakawa palipoota.
Na pale pasipoota?
— Hapo ndipo tunaposimulia.

Hapo kale, milimani kule, ambako jua la vuli haliumi na baridi haigandishi, aliishi mama mmoja, Nanzia. Mume alikufa. Akawa na mwana mmoja, naye akafa. Akabaki na mkamwana wake, huyo Namsifu. Ndugu za Namsifu walikuja kumchukua, akakataa. "Nikiondoka, mama atabaki na nani?" Mmelisikia hilo? Kuna watoto wa kuzaa mwenyewe, na hawalisemi.

Vuli ikakaribia. Wakalima bustani, wakatia samadi, wakamwaga mbegu za mboga ya figiri kwenye kitalu, zile za mwisho kibuyuni. Wakatandaza nyasi juu, wakamwagilia asubuhi, wakamwagilia jioni. Miche ikatoka, myembamba kama nyuzi.

Siku ya kwanza Nanzia akakuta kona moja tupu. "Namsifu, nani kagusa kitalu?" "Sijui, mama." Siku ya pili, kona nyingine. "Namsifu?" "Sijui, mama." Siku ya tatu nusu ya kitalu imekwenda, na Nanzia hakuuliza tena. Akasema, "Umeng'oa miche yangu, umewapelekea watu wa kwenu."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hata akitaga miaka sita, ni mgeni tu.

Ndipo Namsifu akasema lile nililoanza nalo. Na Nanzia akajibu, "Mwizi hahesabiwi miaka. Mwanangu alishakufa. Wewe hapa unangoja nini?"

Hilo ni la kumwambia mtu, jamani? Namsifu akaliweka jembe chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akafunga nguo zake. Akaenda kwao, ng'ambo ya bonde.

Asubuhi yake Nanzia anafika kitaluni, nani kakaa katikati anatafuna? Sungura.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, bibi. Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unamuuliza mkamwana wako. Ningeingiliaje mambo ya ndani?"

Nanzia akainua jembe. Sungura hata hakuondoka. "Miguu unayo miwili tu, bibi. Unifukuze mimi, au umfuate yeye?"

Na kule desturi ilikuwa hii: neno baya analirudisha aliyelitoa, kwa mdomo wake, mlangoni kwa aliyemtukana. Hatumi mtu. Nanzia akatazama njia ya bondeni. Matone yakaanza kudondoka.

"Nitakwenda," akasema. "Kwanza nihamishe miche iliyobaki. Vuli haimngoji mtu."

Akahamisha mmoja mmoja, peke yake, mgongo ukimuuma.

"Nitakwenda. Kwanza nipalilie, magugu yasinishinde."

Akapalilia.

"Nitakwenda. Kwanza figiri zikomae. Kwa wakwe haendi mtu mikono mitupu."

Mnacheka nini? Aibu haikosi kazi ya kufanya, mimi naijua. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Figiri zikakomaa, majani mapana kama masikio ya ng'ombe. Nanzia akajaza kikapu, akashuka bonde, akapanda upande wa pili. Mlangoni akamkuta mama yake Namsifu anapepeta mahindi. Hakuinuka.

"Mkwe wangu, nimekuja kurudisha neno langu."

"Umrudishie nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu alikaa hapo ulipokanyaga. Siku saba anatazama njia. Akisikia hatua, anasema, 'Mama huyo.' Mara ya mwisho alikuwa mbuzi. Siku ya nane akaondoka na wapita njia. Wapi, hakuniambia."

Nanzia akatua kikapu. "Basi hizi mle nyie."

"Rudi nazo, mkwe. Sisi tulishaitwa wezi. Tusije tukakutwa nazo."

Akarudi nazo. Njia nzima zinamnyaukia mgongoni.

Sasa mlango wa Namsifu haujulikani, atasimama wapi aliseme? Akaanza kukaa kando ya njia. Anayeshuka anamsimamisha, anayepanda anamsimamisha. Mvua inamnyeshea, jua linamkausha, anasema lile lile. Mpaka akafa. Waliosimamishwa wakawaambia wengine, na wengine wakawaambia wengine.

Ngano yangu imefika mpakani, siivushi. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni nimeze mwenyewe.

Ila wewe unayesafiri kesho, sogea hapa. Huko uendako, ukimkuta mtu wa jina hilo, au mjukuu wake, mwambie Nanzia anasema: Namsifu, hukuiba. Usikae nalo. Mpelekee.